Hadija Alipokuja Kuyang'oa Maua Yake

Mchana ule, wala haukuwa usiku, dada yangu Hadija alinijia akiwa amekasirika. Nilikuwa nimejitupa kwenye mkeka katika chumba cha uani, kanga yangu ina tope hadi magotini, na maneno niliyomwambia mwanawe bado yananiwasha ulimi. Sikulala ili niote. Nililala kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele mpaka nguvu zikaniishia.

Nianze na hayo maneno, maana ndiyo yaliyomleta.

Dada Hadija alikaa Dodoma, pembeni mwa mji, mahali ambapo mvua ikishakata inakaa miezi mpaka mtu anasahau mlio wake kwenye bati. Mimi nilikaa kwetu Kondoa, nauza vitunguu sokoni. Yeye alinizidi miaka minne. Alikuwa mjane wa siku nyingi, ana mtoto mmoja tu, Sikitu, binti wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mbele ya nyumba yao, penye jua tangu asubuhi hadi jioni bila kivuli hata cha nguzo, dada alipanda maua. Vichipukizi vya kwanza alivitoa kwenye ua wa ofisi aliyokuwa akifagia, akavifunga kwenye kitambaa, akaja navyo mkononi. Ni maua mafupi, yanatambaa, hayafiki hata kwenye muundi wa mguu. Majani yake membamba, juu kijani, chini meupe kama yamepakwa unga. Jua likipanda yanafunguka, rangi ya chungwa lililoiva, na kila ua lina duara jeusi katikati kama jicho lililotiwa wanja. Jua likipungua yanajifunga. Jina lake halisi sijawahi kulijua. Mtaani waliyaita maua ya Hadija, na kila aliyeomba chipukizi alipewa.

Mwaka wake wa mwisho, kila nilipompigia simu sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mafua tu, mdogo wangu," aliniambia. Mwezi huu mafua, mwezi ujao mafua. Kisha asubuhi moja akanipigia jirani yake, Mama Tausi. "Mwajuma," akasema, "jikaze. Hadija ametutoka." Nilipofika Dodoma walikuwa wameshamwosha. Nikapata habari jamvini, kwa wanawake wanaonong'ona wakidhani nimesinzia: dada yangu aliugua kansa ya tumbo karibu mwaka mzima, Sikitu ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kumrudisha, na dada alimwapisha mwanawe nisiambiwe.

Mimi. Niliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku anaolewa.

Arobaini ikapita, ndugu wengine wakarudi makwao, mimi nikabaki. Nilisema nabaki kumwangalia Sikitu, lakini huo ulikuwa uongo. Sikuwa namsemesha. Ndani ya nyumba moja tulipishana kama wapangaji wawili waliogombana. Nilichoshika mimi ni yale maua. Asubuhi ndoo mbili, jioni ndoo mbili. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, upepo unaokota vumbi jekundu na kulileta mpaka kwenye sahani, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba hakuna kitu cha dada yangu kitakachokufa tena nisijue.

Siku moja Sikitu alisimama mlangoni, utepe wake wa kupimia unaning'inia shingoni.

"Mama mdogo," akasema, "mama hakuwa akiyamwagilia hivyo. Yakishashika, alikuwa anayaacha."

Nikamjibu bila kumtazama. "Wewe kuacha unakujua sana."

Akarudi ndani. Nikasikia cherehani ikianza.

Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Kisha mashina yakalegea pale yanapoingia ardhini. Ukiyagusa yanakutoka mkononi, yananuka kama mboga iliyosahaulika ndani ya mfuko. Nikaongeza maji. Maua yakaacha kufunguka, hata saa sita, hata jua likiwa la kuchoma utosi. Nikaanza kumshuku Sikitu. Nikajiambia anayamwagia maji ya sabuni nikiwa sipo, ili nikate tamaa niondoke.

Ijumaa ile, watu wakitoka msikitini, nilimkuta ameinama bustanini. Ameling'oa shina moja, analitazama mizizi.

"Weka chini!" nikapiga kelele.

"Mama mdogo, yanaoza," akasema. "Ni maji."

Mama Tausi alikuwa anapita na beseni la maandazi. Pembeni yake alisimama fundi baiskeli wa pale kona, kwa ajili ya kelele zangu tu. Mbele ya watu hao nikasema, na nilisema kwa sauti ya kusikika mbali:

"Ulimuua mama yako kimyakimya, sasa unamalizia maua yake!"

Sikitu alililaza lile shina chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akaingia ndani, akafunga mlango. "Astaghfirullah, Mwajuma," Mama Tausi akasema, akaenda zake. Mimi nikazunguka nyuma, nikaingia chumba cha uani. Sikuwa najuta hata kidogo. Ndivyo nilivyolala.

Nikamwona Hadija amenipa mgongo.

Amechutama bustanini kwake, kiunoni ana ile kanga ya kijani iliyopauka, anachimba kwa kisu cha jikoni. Jua liko utosini, lakini maua yote yamejifunga. Nilijua amekufa. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na wala sikuogopa. Kitu pekee kilichonipanda ni hasira.

"Umekuja lini?" nikamuuliza.

Hakugeuka. Anachimba. Kisu kinazama kwenye udongo kwa mlio wa majimaji, na kila shina analoling'oa analikung'uta, analitupa nyuma bila kutazama, na tope linanirukia miguuni. Ninataka kumwambia aache, ninataka kumshika bega, na ninaona kwamba bustani imekua. Sikuiona ikikua. Ila nilipotazama ilikuwa imefika barabarani, nilipotazama tena imeivuka, kisha hakuna nyumba yoyote, hakuna Mama Tausi, hakuna nguzo za umeme. Ni sisi wawili, na maua yaliyofumba macho mpaka kule vilimani kwetu Kondoa. Na maji. Maji yamenifika vifundoni, ya baridi, yametulia.

"Dada, unayaua," nikamwambia.

Ndipo akageuka. Uso wake ni ule wa zamani, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Lakini macho. Alinitazama kama alivyonitazama tukiwa wadogo, siku niliyommwagia uji wa moto mkononi, naye akajua kwamba sikuteleza.

"Nani alikwambia nina kiu?" akasema.

Alisema kwa sauti ya chini. Hadija alipokasirika hakuwa akipaza sauti. Aliishusha, mpaka ulazimike kusogea karibu ili utukanwe. Nikasogea. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyabeba tangu jamvini, na nilipofungua mdomo yakatoka yote kwa pamoja. Nikamwambia amenifanya mgeni kwenye kifo chake. Nikamwambia nimesikia habari za dada yangu kutoka kwa wanawake ambao hata majina yao siyajui. Mafua, Hadija! Mwaka mzima mafua! Nalia, na nina hasira, na maji yanapanda, yamefika magotini, kanga yangu imekuwa nzito.

Ananisikiliza. Anapangusa kisu kwenye kanga yake, upande mmoja, upande wa pili. Nilipomaliza akasema neno moja tu.

"Twende."

Tuko ndani ya gari. Sikumbuki kupanda. Ni lile gari jeupe la kukodi, na barabara ni ile ya zamani, kabla ya lami, yenye makorongo, na ninajua hii ni safari gani kabla sijatazama nyuma. Mimi nimekaa mbele. Ninabishana na dereva. Ninamwambia ongeza mwendo, kuna mganga Singida, daktari wa hapa hajui kitu, ongeza mwendo wewe mwanamume, na dereva ananijibu, mama, njia mbaya, mgonjwa anaumia. Ninaisikia sauti yangu kama ninavyosikia ya mtu anayegombana nyumba ya pili. Kiti cha nyuma Hadija amekaa wima, na kichwa cha mama yetu kiko mapajani mwake.

Safari ile ilikuwa ya kweli. Ilitokea miaka mingi nyuma. Mama aliugua, na mimi nilimzungusha miezi mitatu, hospitali hii, mganga yule, kijiji kile ambako walisema kuna mzee ana mizizi. Nilimnywesha uji akiwa amefumba meno. Kila aliyeniambia mwache mama apumzike nilimwona adui. Mama alifia ndani ya lile gari, kwenye korongo moja ambalo hata jina halina. Sikuwahi kujuta, kwa sababu sikuwahi kuliona kuwa ni kosa. Nilijiona mtoto pekee aliyepigana. Na Hadija, miaka yote ile, hakuwahi kunisema.

Siku ile, ndani ya gari, mama alikuwa akisema kitu, na mimi sikukisikia kwa sababu nilikuwa nasema mimi. Sasa ndotoni midomo yangu imekauka, dereva amenyamaza, na ninamsikia.

"Nirudisheni nyumbani," mama anasema. "Nikalale."

Gari limesimama. Maji yanapita madirishani, mekundu, na ndani yake yanaelea yale maua yaliyojifunga. Sithubutu kugeuza shingo. Hadija anazungumza na kisogo changu.

"Alikuomba nyumbani mara saba," anasema. "Nilikuwa nahesabu. Na wewe unampenda kwa kelele."

"Na wewe ulikuwa na mdomo!" nikamjibu. "Mbona hukusema? Ulikaa hapo nyuma umenyamaza kama mzigo!"

Nikamsikia akivuta pumzi, yeye ambaye hana pumzi.

"Nilinyamaza," akasema. "Hilo ni langu, nimeondoka nalo. Lakini nilipougua mimi, nikasema sitafia barabarani."

Nikashika kitasa ili nishuke, nimpigie kelele vizuri nikiwa nimesimama. Mlango ukafunguka, na nikaingia kwenye chumba chake cha Dodoma. Kitanda ni kitupu, kimetandikwa, shuka limevutwa mpaka halina mkunjo. Karibu na dirisha Sikitu anashona. Kitambaa ni cheupe, hakina mwisho, kinateremka kutoka mezani na kuingia majini, na cherehani haitoi sauti yoyote. Miguu yake iko ndani ya maji. Kila mara analisimamisha gurudumu kwa kiganja, anageuza kichwa kuelekea kitandani, anasikiliza. Kisha anaendelea. Anasimamisha, anasikiliza, anaendelea.

Hadija yuko pembeni yangu, bega lake linagusa langu. Lina uzito wa bega la mtu.

"Mtazame," akasema.

"Sitaki."

"Mtazame, Mwajuma."

Nikamtazama. Shingo yake imekonda. Kwenye kidole cha shahada ana alama za sindano, nyingi, kama za mtu anayeshona huku akisinzia. Nilikaa naye nyumba moja zaidi ya siku sitini na sikuwahi kuuona mkono wake.

"Huyu nilimwapisha mimi," Hadija akasema. "Alilia, nikamwapisha hivyohivyo. Hasira yako nipe mimi, ndiyo niliyoifuata, nina mahali pa kuiweka. Lakini lile neno ulilomtupia mchana huu..." Hapo sauti ikazidi kushuka, nikahisi ardhi nayo inashuka. "Lile neno kaliondoe. Wewe mwenyewe. Mbele ya walewale waliolisikia."

Nikaona ananionea. Hata akiwa amekufa ananionea.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi ataniomba radhi nani, Hadija?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, paji la uso limekunjamana kama alipokuwa akimsaidia Sikitu kukata kitambaa cha mtu na hataki kukosea.

"Bado nimekukasirikia," akasema. "Siwezi kukuomba radhi nimekasirika. Hata huku siwezi."

Tukiwa tunatazamana, chumba kilikuwa kinakauka. Maji yalinywea sakafuni bila sauti, na tulikuwa tena bustanini, pale pale mbele ya nyumba, udongo umepasuka, jua kali, hakuna hata ua moja. Mkononi ameshika shina dogo lenye mzizi mweupe, mkavu. Akanikamata mkono kwa nguvu, akaliweka kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake mpaka nikasikia maumivu.

"Mchanga wa mtoni, mwingi," akasema. "Inua tuta, maji yasikae. Yape kidogo mpaka yashike. Halafu uyaache. Unanisikia? Uyaache."

"Nakusikia."

"Hujawahi kunisikia," akasema, akanigeuzia mgongo, na sikuona alikokwenda, maana adhana ya alasiri ilinizindua.

Mkono uliokuwa ukiuma niliulalia mwenyewe. Watu husema ukitembelewa na marehemu unaamka umepoa moyo. Mimi niliamka nimekasirika vilevile. Ila lile agizo lilikuwa limenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka, na nilijua kwamba nikisubiri hadi nitulie sitakwenda. Sikunawa hata uso. Nilitoka na kanga yangu ya tope, nikavuka barabara hadi kwa Mama Tausi, aliyekuwa anapanga kuni.

"Mama Tausi, naomba uje nyumbani mara moja."

Akanitazama. "Kuna nini tena, Mwajuma?"

"Njoo tu. Ni dakika moja."

Nikaenda hadi kona, nikamwita fundi baiskeli. Alikuja na mikono ina grisi, anaifutia kwenye suruali, hajui kama anakuja kuamua ugomvi au kubeba kitu. Nikasimama nao mbele ya mlango wa Sikitu, nikagonga.

"Sikitu. Fungua, au usifungue. Lakini sikiliza."

Cherehani haikuwa ikilia.

"Mchana nilisema huyu binti alimuua mama yake," nikasema. Ilibidi nianze upya. "Mbele yenu nilisema alimuua mama yake. Nilisema uongo. Alimuuguza mama yake peke yake, mwaka mzima, hakuna aliyempokea hata usiku mmoja. Neno langu nimelirudisha. Na maua nimeyaua mimi, kwa maji."

Fundi baiskeli akasema, "Haya, yamekwisha," kama wanaume wanavyosema wanapotaka kuondoka, akaondoka. Mama Tausi aliuwekea mlango kiganja chake kidogo, kama anayepima homa ya mtoto, kisha naye akarudi kwenye kuni zake.

Mlango haukufunguka. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachutama bustanini, nikaanza kung'oa. Mengi yalikuwa yameoza mpaka kwenye moyo wa shina. Nikayatupa. Lakini kule ukingoni, penye mawe, ambako ndoo zangu hazikufika vizuri, nilipata machache yenye mizizi myeupe. Nikayatenganisha chipukizi kwa chipukizi, kila kimoja na mzizi wake, nikavilaza juu ya gunia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mchanga wa mtoni uliobaki tangu walipojenga choo. Nikauleta kwa ndoo ileile, nikauchanganya na udongo, nikainua tuta.

Sikitu alitoka jua likiwa limeanza kulala upande. Macho yamevimba. Akasimama.

"Nimesikia," akasema.

"Ndiyo."

"Sijakusamehe, mama mdogo."

"Najua."

Akachutama upande wa pili wa tuta, akachukua chipukizi kimoja kwenye gunia. Tulipanda, yeye anatoboa kwa kidole, mimi nafukia. Kisha, akiwa ameinamia udongo, akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Alikuita."

Nikaacha kufukia.

"Siku mbili za mwisho," akasema. "Alikuwa anasema, mwite Mwajuma. Niitie Mwajuma wangu. Na mimi alikuwa ameniapisha kwa msahafu nisikwambie! Nikadhani ni homa inayosema, siyo yeye. Nikamwambia nimekupigia, uko njiani unakuja." Akabonyeza udongo kwa kidole. "Sikuwa nimepiga. Alikufa anatazama mlango."

Lile neno la mchana lilinirudia mdomoni, zima, na meno yake yote. Nilikuwa Kondoa na simu yangu mfukoni, nauza vitunguu, na dada yangu ananitazamia mlangoni. Vidole vya Sikitu vilikuwa vimesimama juu ya udongo. Alikuwa ananingoja. Alijua ninachoweza kusema, alikuwa amekisikia saa chache zilizopita, na bado aliamua kuniambia.

Nilikaa chini kabisa, kwenye vumbi.

"Alikuapisha," nikasema mwishowe, "halafu akabadili mawazo bila kukufungua kiapo."

"Ndiyo!" Sikitu akapiga kelele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, tangu azaliwe. "Ndiyo, mama mdogo! Ningejuaje? Mimi ningejuaje?" Akaupiga udongo kwa kiganja, mara mbili, vumbi likamrukia usoni. "Aniambie usimwite, aniambie mwite, nimsikilize yupi?"

"Alikuwa hivyo," nikasema. "Tangu zamani. Anakununia wiki nzima na hujui kosa lako."

"Hata chumvi! Ukizidisha chumvi hasemi. Anasukuma sahani tu."

"Na wewe ukae unafikiria ni kitu gani."

"Ukae unafikiria! Mpaka jioni!"

Analia na anasema, na mimi vilevile. Nikamweleza habari za gari, zote, na nilivyokuwa nimekaa mbele. Akaniambia nilikuwa mjinga. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia mama yake naye alikuwa mjinga kukaa nyuma amenyamaza, na nikamwambia ndiyo, huyo zaidi. Tulimsema Hadija mpaka karibu na magharibi. Tulimsema vibaya, kwa sauti kubwa, watu wakipita barabarani na kugeuza shingo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema Mungu amrehemu, mpaka tulipofukia chipukizi cha mwisho na Sikitu akakimiminia maji kidogo, kikombe kimoja cha chai.

Hapo ndipo alipolisema. Nami nikaitikia amina, nikiwa bado nimekasirika.